Walisema nimechanganya vichupa vya mama na mtoto, nikapanda boti kwenda Mwamgongo kuuliza

Wakuu, natumai mko salama humu ndani. Wanaosoma wakiwa ofisini nawasalimu kwa sauti ya chini, bosi asisikie.

Mimi ni wa wale wasomaji wa kimya. Miaka mingi nachungulia nyuzi zenu, nacheka, nafunga simu, nalala. Leo nimeona na mimi nilete changu.

Kisa ni cha kweli na nimekiishi mwenyewe. Aliyehusika amenipa ruhusa, masharti yake nitayasema mwishoni. Majina nimebadilisha. Kijiji nitakiita Mwamgongo. Inawezekana ndicho, inawezekana ni jirani yake, kwa hiyo wale wapelelezi wa humu naomba mpumzike.

Halafu niliseme mapema tusisumbuane: mimi ni ke, ni mke wa mtu, PM sifungui.

Tuendelee.

Kazi yangu ni ya maabara. Kwetu ni Njombe, Kigoma nimeletwa na ajira. Mwaka wa kwanza nililia kwa joto, sasa hivi nikienda likizo kwetu nalia kwa baridi. Nimepanga Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, jirani na soko, na migebuka ya kuchoma, samaki wa ziwa letu, imeshanifanya mwenyeji kuliko barua ya uhamisho.

Mradi niliokuwa nao ulikuwa wa kinyesi.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Wenye chai mkononi samahani.

Iko hivi. Tumboni mwa kila mmoja wetu kuna umati wa bakteria. Wengi wao hawana ubaya, wanasaidia kusaga chakula na kuulinda mwili. Ule umati wote kwa pamoja ndio wataalamu wanauita microbiome. Mtoto akizaliwa tumbo lake ni karibu tupu, na wengi wa wale wa kwanza kuingia anawapata kwa aliyemzaa. Baadaye anaongeza kwa wanaomlisha, wanaombeba, wanaolala naye.

Sasa data nyingi za mambo haya duniani ni za watoto wa Ulaya na Marekani. Ukimtafuta mtoto wa mwambao wa Tanganyika humo ndani unaambulia patupu. Mradi wetu ulitaka kuliziba hilo pengo.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mama anatoa kidogo kwenye kichupa, mtoto naye tunamchukulia kidogo kwenye nepi. Wanakuwa jozi. Awamu ya kwanza mtoto akiwa mchanga, awamu ya pili akishaanza kutembea.

Kijijini nilipewa jina la heshima, dada wa vikopo. Watoto walikuwa na jina lao jingine, hilo tuliache.

Kitu kimoja muhimu ili msipotee mbele. Matokeo ya awamu ya kwanza yalipandishwa kwenye hifadhi ya wazi mtandaoni. Maana yake mtu yeyote, awe Dodoma, awe Brazil, anayapakua bure na kuyachambua. Majina ya watu hayamo, kuna namba tu. Na vile vinasaba vya binadamu vinaondolewa kwanza, vinabaki vya bakteria peke yake.

Mimi huu utamaduni naupenda kwa moyo wote. Zamani mtafiti akikusanya data anaikalia kama kuku anayeatamia mayai, hadi anastaafu. Siku hizi mwanafunzi asiye na mashine wala maabara anafungua laptop yake anafanya utafiti wa maana. Na mwingine akikosea, wengine wanaona, wanamwambia.

Hapo pa kukosea ndipo kisa kinapoanzia.

Awamu ya kwanza kule Mwamgongo tulikusanyia zahanati. Akina mama walikaa kwenye mabenchi wanapiga soga na kuchekana. Mmoja alikaa mwisho kabisa wa benchi, peke yake, mtoto amefunikwa khanga hadi kichwani. Nitamwita Mama Shukuru.

Alikuwa anamshika yule mtoto kama mtu aliyeazimwa kitu cha kioo. Nilidhani ni uoga wa uzazi wa kwanza, maana na mimi wa kwangu nilimshika hivyohivyo.

Nikamuuliza maswali ya kwenye fomu. Mtoto ananyonya? Akasema anampa maziwa ya kopo.

"Maziwa yangu yalikataa, dada."

Alizaliwa kawaida au kwa upasuaji? Kawaida. Wewe ndiye mama yake?

Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza.

"Ni mimi."

Nikaandika. Wakati naondoka akanikimbilia na mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa, akasema nitasikia njaa kwenye boti. Nikamkumbuka kwa hiyo mihogo.

Miezi ikapita. Data zikapanda mtandaoni, sisi tukaendelea na mengine.

Siku moja nikapigiwa simu na Dokta. Dokta ndiye mkuu wa mradi, yuko Dar, mtu mpole ambaye akikasirika anaongea polepole zaidi. Siku hiyo aliongea polepole sana.

Kwenye ukurasa wa data yetu, pale ambapo mtu yeyote anaweza kuandika maoni, mwanafunzi mmoja wa nje alikuwa ameandika. Nitamwita Mdadisi. Alikuwa amechambua jozi zetu zote. Aliandika kwa adabu, siwezi kumsingizia. Alisema kila mama na mwanawe wana bakteria wa aina moja wanaochangia, wengine wengi, wengine wachache. Isipokuwa jozi moja. Mama na mtoto wa jozi hiyo hawakuchangia hata aina moja. Akasema inaonekana vichupa vimebadilishwa shambani, wahusika waangalie.

Shambani, yaani kule sampuli zinakokusanywa, wakuu, ni mimi.

Nilijisikia vibaya, sitaficha. Mimi kichupa nakiandika namba palepale, mama anaona, sijawahi kusema nitaandika baadaye. Lakini neno likishaandikwa hadharani linaanza kukutafuna. Nikaanza kujiuliza, au siku ile ya mvua? Au nilipoitwa na nesi nikaacha boksi wazi?

Nikaangalia namba. Ilikuwa jozi ya Mama Shukuru.

Dokta akaniambia, "Siku hiyo ulikusanya kijiji kizima. Kama kimoja kimechanganyika, nitasemaje kuhusu vingine? Nikishindwa kueleza, naondoa jozi hiyo. Nikishindwa zaidi, naondoa Mwamgongo yote."

Awamu ya pili ilikuwa imekaribia. Akasema niende nikachukue sampuli mpya, na huyo mama niongee naye mwenyewe, vizuri, bila kumtisha.

Nikaenda Kibirizi kupanda boti.

Wanaojua Kibirizi wanajua. Dagaa wameanikwa, wapagazi wanapita na magunia wanapiga kelele upishe, ukisimama vibaya unabebwa na wewe. Mimi na boksi langu la baridi tukapata nafasi katikati ya boti, juu ya magunia ya unga. Mama mmoja mfanyabiashara akaliangalia boksi, akatabasamu, akaniomba aweke soda yake humo ipoe.

Nikamwambia mama, humu nabeba vitu vya hospitali.

"Ndiyo vizuri, pasafi."

Nikamnong'oneza kilichokuwa kinaenda kuwekwa humo. Alinywa soda yake ya moto bila kulalamika, na hadi tunaipita Gombe alikuwa amesogea mbele kabisa ya boti. Haya, na hiyo nayo ni faida ya sayansi.

Tulipofika nikasalimia watu, mwidiwe, mwidiwe, maana ilikuwa mchana, na salamu ya Kiha naijua hiyo na ile ya asubuhi tu. Nikaulizia kwa Mama Shukuru.

Nilimkuta anageuza dagaa kwenye chandarua nyuma ya nyumba. Shukuru alikuwa ameshaanza kutembea, ile ya hatua mbili anakaa. Tumbo mbele, fulana imepanda juu ya kitovu. Ameshika dagaa mmoja mkononi anampeleka mdomoni kwa umakini mkubwa.

Mama Shukuru alifurahi kuniona. Akaleta kigoda, akaleta maji. Nikasema niseme haraka kabla sijaonja mihogo.

Nikamweleza. Kwamba kuna mtu mbali huko ameangalia wadudu wa kwake na wa mtoto, ameona hawafanani hata kidogo. Kwamba anadhani mimi nimechanganya vichupa. Kwamba nimekuja kumuuliza kama anakumbuka lolote la siku ile.

Akaendelea kugeuza dagaa, na wengine aliwageuza mara ya pili, walikuwa wameshageuzwa.

Halafu akasema, "Hukuchanganya, dada."

Akakaa chini, akamvuta mtoto mapajani.

Shukuru amezaliwa na dada yake. Dada yake aliitwa Edita, aliolewa mbali na ziwa, upande wa huko Kasulu. Mimba ilikuwa ngumu, Mama Shukuru akaenda kumuuguza, akakaa huko miezi. Edita alijifungua salama. Baada ya siku chache akaugua homa, haikushuka, akafariki.

Mama Shukuru mwenyewe alikuwa ameolewa miaka na hajapata mtoto. Nawaambia kama alivyoniambia.

"Alinishika mkono akasema, asije akaitwa yatima. Hakusema kingine."

Mume wa Edita alikubali, hakuwa na namna. Mama Shukuru akamfunga mtoto mgongoni akarudi naye ziwani. Watu walipoona ameondoka muda mrefu na amerudi na mtoto, wakampongeza. Hakumkatalia mtu. Mumewe anajua, basi. Siku niliyokuja mimi na vichupa vyangu, mtoto alikuwa amefika kijijini juzi yake tu.

Ndiyo maana hawakufanana, wakuu. Walikuwa hawajakaa pamoja vya kutosha hata kuambukizana.

Akaniuliza swali ambalo hadi leo nalisikia.

"Kwa hiyo hiyo mashine imesema mimi si mama yake?"

Nikamwambia hapana. Mashine haijui mama. Inajua tu nani alikuwa na wadudu gani siku ile.

"Na huyo mtu wa mbali, yeye kasemaje?"

Nikamwambia hajui lolote, anadhani ni kosa langu. Akatikisa kichwa, akasema pole. Yaani mwenye siri ananipa pole mimi.

Mimi ikabidi nimweleze haki yake, maana utafiti una taratibu. Nikamwambia unaweza kujitoa. Tutafuta namba yako, hakuna atakayeuliza tena, siri yako itabaki yako. Nilidhani namletea nafuu.

Akamkumbatia mtoto hadi mtoto akalalamika.

"Mkinifuta mimi, yeye atabaki na nani humo?"

Nikamwambia humo hakuna mtu, Mama Shukuru, ni namba tu.

"Hata kama ni namba. Namba yake ikae na namba yangu."

Wakuu, mimi nimesoma, nimehudhuria semina za maadili ya utafiti, nimekula samosa zao zote. Hilo la namba ya mtoto kukaa na ya mama hakuna semina iliyolifundisha. Nililia, na yeye akalia, na Shukuru alipoona watu wazima wanalia akampa kila mmoja dagaa.

Nikachukua sampuli mpya, za wote wawili. Nikaondoka na ahadi kwamba nitajaribu.

Sasa mnaweza kuona ugumu ulipo. Kwenye data, safu ya wanawake iliandikwa "mama mzazi". Kwa jozi hii si kweli, na Dokta si mtu wa kuacha uongo kwenye data, na mimi namheshimu kwa hilo. Lakini ukiandika "mlezi" kwenye mstari mmoja tu, na kijiji kimetajwa, na jozi za kijiji hicho ni chache za kuhesabika, basi umemtangaza. Siku hizi simu zipo hadi kwenye mitumbwi. Mtoto wa jirani akiingia chuo, akaipakua ile data kwa mazoezi, anajua ni nani kabla hajamaliza chai.

Hapo ndipo watu wa open data, hizi data za wazi, wanapogombana kila siku. Uwazi ni mzuri, lakini uwazi wa nani na kwa gharama ya nani?

Nilimpigia Dokta nikamweleza yote, Mama Shukuru alikuwa ameniruhusu kumwambia yeye tu. Akaniuliza tufanyeje, feni ya ofisini kwake ikisikika inavyozunguka.

Nikamwambia, Dokta, kwa nini tusibadilishe safu nzima? Kila mwanamke kwenye data yetu, awe amezaa au hajazaa, tumwandike "mama anayeishi na mtoto". Kwa wote ni kweli. Hakuna anayeonekana tofauti. Na majina ya vijiji tuyatoe, tuandike mwambao wa ziwa, Kigoma. Atakayetumia data atajua wazi kwamba hatuahidi kuwa kila mmoja ndiye aliyezaa.

"Tutapoteza kitu kwenye uchambuzi," akasema.

Nikasema ndiyo, tutapoteza.

Kisha akasema ataipeleka hoja hiyo kwa kamati ya maadili. Ikapita.

Mdadisi akajibiwa hadharani, kwa ufupi: vichupa havikuchanganyika, tumethibitisha na washiriki wenyewe, na maelezo ya safu yamerekebishwa. Mimi nilikaa nasubiri abishe, nimeshavaa na sura ya ugomvi kabisa.

Hakubisha. Aliandika palepale kwamba ameridhika na anaondoa shaka yake. Halafu akaniandikia mimi barua pepe pembeni, kwa vile jina langu liko kwenye orodha ya waliokusanya. Aliniomba radhi. Alisema alichokiona yeye ni namba, hakufikiria kuna mtu aliyesafiri na boksi. Nikamjibu kwamba kuuliza hakukuwa kosa. Na kweli hakukuwa kosa. Asingeuliza, data yetu ingebaki na uongo mmoja ndani yake na sisi hatujui.

Kwa hiyo namba zikabaki. Ya mtoto, na ya mama yake chini yake.

Majibu ya awamu ya pili yalipotoka, nikarudi Mwamgongo.

Hapa nichepuke kidogo. Kijijini huwa wanatusema, mnakuja mnachukua damu zetu, mnachukua mavi yetu, mnaondoka, hatuwaoni tena. Wanasema kweli. Mimi nilishajiapiza kwamba mradi wangu hautakuwa hivyo, kwa hiyo nilichapisha picha kubwa, akina mama na watoto ni vidoti, na wanaochangia bakteria wameunganishwa kwa mistari. Tukaitundika ukutani pale zahanati. Wakacheka, wakasema inafanana na nyavu. Kila mmoja akawa anatafuta kidoti chake, nikawaambia haviko kwa majina, wakachagua tu vinavyowapendeza.

Wenzake walipotawanyika, Mama Shukuru akabaki.

Majibu ya mtu mmojammoja huwa hatutoi, lakini huyu aliomba na Dokta aliruhusu. Nikatoa karatasi nyingine mfukoni, yenye vidoti viwili tu. Upande mmoja awamu ya kwanza, hakuna mstari. Upande wa pili awamu ya pili.

Mistari ilikuwa imejaa. Jozi yao ilikuwa kati ya zile zilizofanana sana kuliko zote kijijini.

"Hawa wametoka wapi?"

"Kwako."

"Kwangu wapi?"

"Mikononi mwako. Unavyombusu. Unavyolala naye. Unavyomlisha."

Akanisogelea, akashusha sauti.

"Muhogo namtafunia. Usimwambie nesi."

Nikamwambia nesi ana sababu zake za kukataza, kuna magonjwa yanapita kwenye mate, aponde kwa kijiko na maji yaliyochemshwa. Akaitikia ndiyo dada, kwa ile ndiyo ya mtu ambaye atafikiria. Lakini alikuwa hanisikilizi. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mistari, mmojammoja, kutoka kidoti kikubwa hadi kidogo.

Nikafikiri kazi yangu imeisha, na imeisha vizuri. Nikaanza kukunja picha ukutani.

Akaniita.

"Na wa Edita?"

Sikumwelewa mara moja.

"Wale aliokuwa nao siku ya kwanza. Ulipoeleza picha ulisema mtoto anawapata kwa aliyemzaa. Wale walikuwa wa Edita. Mimi nimewafukuza wote?"

Wakuu, huyu mwanamke alikuwa amekaa na furaha yake kwa dakika chache tu, akaanza kuogopa kwamba amemmaliza dada yake.

Nikamwambia ukweli kwamba sijui. Hilo swali hatukuliuliza. Lakini linaweza kuulizwa, kwa sababu kile kichupa cha kwanza bado kimo kwenye data, hatukukifuta. Nikamwomba anipe muda.

Mimi uchambuzi wa namna hiyo siuwezi, mimi ni wa vichupa. Dokta alikuwa safarini. Nikamwandikia Mdadisi.

Sikumweleza kitu. Niliandika tu: kwa mtoto wa namba hii, kuna bakteria aliokuwa nao akiwa mchanga, ambao bado anao, na ambao mama anayeishi naye hana?

Naamini alielewa. Mtu anayeweza kuona jozi moja isiyofanana kati ya zote hawezi kushindwa kuunganisha hilo. Lakini hakuuliza neno. Kesho yake nikakuta jibu limefika, na michoro, na maelezo ya kila aina. Mtu sijawahi kumuona, hanidai, simdai, kaacha kazi zake kwa ajili ya swali la mwanamke wa Mwamgongo ambaye hamjui.

Huo ndio utamaduni ninaouongelea, wakuu. Siyo tovuti tu.

Mama Shukuru huwa anakuja Kibirizi na dagaa zake. Nikamngojea siku ya mzigo. Aliteremka Shukuru akiwa mgongoni, gunia lake limebebwa na mpagazi. Aliponiona alisimama palepale, watu wanampita huku na huku, wanamwambia mama sogea.

Nikamwambia, "Wapo."

Akanishika mkono.

"Ni wachache, lakini wapo. Hawajaondoka. Wewe huna hao, na mtoto anao tangu akiwa mchanga."

Na kwa sababu sitaki kumpa mtu uongo mtamu, nikaongeza kwamba siwezi kuapa. Wengine mtoto anaweza kuwapata hospitali, au kwa mtu mwingine aliyempakata siku zile. Lakini hawa walikuwa wa aina ile ambayo watoto wengi huipata kwa aliyewazaa. Kama ni kukisia, mimi nakisia ni wa Edita.

Akamfungua mtoto mgongoni. Akamsimamisha juu ya gunia la dagaa, akamfunua fulana, akaweka kiganja tumboni kwake. Shukuru akadhani anatekenywa, akaanza kucheka na kujikunja.

Mama Shukuru hakucheka. Aliongea taratibu, na alikuwa haongei na mimi.

"Edita, tunamlea wote."

Basi. Tulikaa pale hadi mnunuzi wake alipokuja kuulizia mzigo.

Kabla hatujaachana ndipo aliponipa ruhusa ya kuwasimulia. Alisema, waambie wengine, jina langu usiweke. Mtoto akikua atamwambia mwenyewe. Alikuwa haogopi tena kama mwanzo, maana sasa anajua pa kuanzia. Ataanza na tumbo.

Nilichojifunza mimi ni kidogo tu. Wale wenzangu mnaofanya kazi na data za watu, ukiona mstari mmoja haufanani na mingine, usikimbilie kuufuta. Uliza kwanza. Na ukipewa jibu ambalo si lako kulitangaza, tafuta namna ya kusema kweli bila kumvua mtu nguo. Namna huwa ipo, inachosha tu kuitafuta.

Na nyie mliolelewa na wasiowazaa, najua mko wengi humu. Nilitaka mjue kwamba hata tumboni kuna ushahidi wao.

Haya, nimemaliza, uwanja ni wenu. Mnaojua sayansi kuliko mimi nirekebisheni, sina kinyongo. Wenye mama zenu wa namna hii, waandikeni hapo chini, tuwasome.

Mimi jana nilifungua ile data tena, bila sababu ya kikazi. Namba ziko palepale, ya mtoto, na ya mama yake chini yake.